Mkono Ulionyamaza Kwenye Makaa

Mkiniona nasalimia kwa mkono wa kushoto msidhani sina adabu, ila sababu yake ni ya aibu, na aibu yenyewe niliitafuta mwenyewe, mchana kweupe.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa nachimba dhahabu Geita, jiwe likanibana vidole viwili vya mkono wa kulia, basi Mama Kulwa, mke wangu, akanipeleka hospitali nikipiga mayowe (mwanamume mzima, na ndevu hizi!), na daktari akanidunga sindano, tena si kidoleni, kwapani! "Bwana daktari, kwapa langu lina kosa gani?" Akasema mishipa inayopeleka maumivu kichwani inapita hapo, akiizuia hapo mkono wote unalala. Kweli, baada ya muda akaninyoosha mifupa nami namtazama tu, kama anamtibu jirani. Akafunga bendeji, akasema, "Vidole vitapona. Lakini lala hapa mpaka ganzi iishe. Mkono haujapona, umenyamaza tu."

Sasa, ulikuwa msimu wa mbina, zile ngoma zetu za baada ya mavuno, na kundi langu lilikuwa linashindana uwanja wa karibu, na kwetu Wasukuma mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake, kwa mbwembwe au kwa dawa za uganga. Nikasema nikachungulie kidogo. Mama Kulwa akasema, "Baba Kulwa, umeambiwa ulale!" Nikamjibu, "Kwani naumwa wapi?"

Nikakuta wenzangu wameachwa peke yao, watu wote wako kwa wapinzani wanaocheza na chatu. Damu ikanichemka. Nikafungua bendeji, nikauchoma miiba mkono uliolala, watu wakaanza kugeuka, nikaubeba ule mkono kwa wa kushoto, nikautua juu ya makaa tuliyokuwa tukipashia ngoma, nikapaza sauti, "Nani ana dawa kama yangu?" Uwanja mzima ukahamia kwetu, vigelegele, nami nimeuacha palepale nawacheka wapinzani, mpaka bibi mmoja akauliza, "Mayo wane, mama yangu, nani anachoma nyama?"

Vigelegele vikakatika. Watu wakaziba pua, wengine wakatapika, na aliyeingia kunivuta ni Mama Kulwa, nami bado natabasamu, jamani, natabasamu!

Jioni ganzi ikaisha. Hayo siyasimulii. Daktari alisema, "Nilikuwa na vidole viwili vya kuuguza. Sasa sina hata mkono." Wakaukata.

Siku hizi nikiambiwa lala, nalala. Shamba analima Mama Kulwa peke yake, na hajawahi kunisema hata neno moja, heri angenitukana.