Maboya Arobaini

Karakana nzima ilimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuweza kuona pindo limefumuka akanyamaza. Siku moja kwenye foleni ya benki alimgusa bega mwanamume asiyemjua na kumwambia suruali yake inamwaibisha. Miaka kumi na tisa alikuwa akishona maturubai, viti vya magari na kila kitu ambacho cherehani za kawaida hukigomea, na ulimi wake haukuwa na breki. Ndiyo maana nashangaa hadi leo kwamba jambo moja lililostahili kusemwa alilimeza.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka uliotangulia karakana ilipata oda ya maboya arobaini ya kuvaa, yale wanayopewa abiria wa boti. Maboya hujazwa sponji nyeupe, ngumu, isiyonywa maji. Sponji hiyo ikaisha na mwenye boti yuko mlangoni anahimiza. Bosi akasema wajaze ya magodoro, kwa nje hakuna atakayejua, na kwani boti ile iliwahi kuzama lini? Wenzake walikuwa kwenye maturubai, kwa hiyo yote arobaini aliyashona Bi Pindo, tena kwa mshono mzuri kabisa.

Sasa binti yake, kitinda mimba anayeuza simu dukani, akaamua kwamba familia yao lazima ione kisiwa. Mchanga mweupe haukuumbiwa matajiri peke yao, alisema. Akafungua daftari na kupanga likizo ya watu wa mifuko myembamba. Wangekwenda msimu wa mvua, vyumba vinapokuwa nusu bei. Hotelini wasikanyage, walale kwa mjane mmoja anayekodisha vyumba viwili na jiko. Mchele, mafuta na vitunguu watoke navyo nyumbani, maana kule hata kitunguu kina maringo. Baba yake, dereva mstaafu, alinunua miwani ya jua na kuanza kuivaa sebuleni, akawa anajikwaa kwenye stuli. Bi Pindo alicheka nao mpaka binti alipofika kwenye usafiri. Boti aliyoitaja, ya bei nafuu kuliko zote, ilikuwa ile ile. Tiketi tatu alikuwa ameshakata.

Bi Pindo akaingia jikoni na kushika ukingo wa meza.

Kesho yake, alipobaki peke yake, alikwenda uani na boya moja lililokosewa mkanda, ambalo alikuwa amelileta nyumbani likawa mto wa kukalia. Akalitumbukiza kwenye pipa la maji. Kwanza likaelea, naye akapata moyo. Halafu likaanza kunywa. Hata robo saa haikufika, lilikuwa chini ya pipa, na alipolivuta lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Alilianika nyuma ya nyumba, mahali ambapo hata yeye asingeliona.

Jioni alimweleza mumewe. Mzee alivua miwani kwanza.

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema. "Ukifungua mdomo, kesho huna kazi, na keshokutwa polisi wanakuuliza kwa nini ulishona. Sisi tupande boti kubwa, basi."

Ulikuwa ushauri wa mtu anayempenda, na Bi Pindo aliushika kwa mikono miwili. Alimwambia binti kwamba boti ndogo humtapisha, na kwamba nauli ya kubwa ataiongezea mwenyewe. Binti alinung'unika kidogo, akachora mstari kwenye daftari, yakaisha. Siku mbili tatu Bi Pindo alilala vizuri. Nisimsingizie: hakuwa na roho mbaya. Mtu akiogopa sana, huhesabu watu wa nyumbani kwake, akishawapata wote anafunga mlango.

Ijumaa jioni akabisha hodi msusi wa nyumba ya pili, na mapacha wake wa miaka sita, mmoja kila mkono. Alikuja kushukuru. Binti, baada ya kuambiwa tiketi hazirudishwi, aliona aibu zipotee bure, akampa jirani.

"Dada, wanangu hawajawahi kupanda hata mtumbwi," alisema msusi. "Tunaondoka kesho asubuhi. Mungu akuzidishie."

Bi Pindo alifungua mdomo. Alimwona bosi wake, alimwona polisi, akaliona gazeti lenye picha yake. Akasema safari njema. Mlango ulipofungwa alikaa chini sakafuni. Angeweza kumfuata msusi na kumnong'oneza, lakini viti vile vitatu vingepata wenyewe wengine, na viti vilikuwa arobaini.

Asubuhi alitangulia kufika gatini, lakini ujasiri ukamtoroka mara mbili. Mara mbili alirudi hadi kituo cha teksi. Mara ya tatu abiria walikuwa wameanza kugawiwa maboya. Mapacha walikuwa wameshavaa, yakiwafika magotini, wanagongana vifua na kucheka. Bi Pindo alimpigia magoti mmoja wao.

"Nivulie hili, mwanangu."

Mkasi haukuwahi kukosekana mkobani mwake, akautoa. Mafundi wa karakana hulipwa kwa kipande, kwa hiyo kila mmoja huacha alama yake chini ya mkanda. Yake ilikuwa nyuzi tatu za buluu, nazo zilikuwepo. Akafumua kuanzia hapo. Karani wa boti alimkimbilia akimwambia anaharibu mali ya watu, lakini sponji ya manjano ilikuwa imeshatoka, laini, yenye vitundu, na kila aliyewahi kulalia godoro aliitambua.

"Labda ni hilo moja," alisema karani.

"Ni yote arobaini. Nimeyashona mimi."

Msusi alimvua pacha wa pili, akawavuta wote wawili nyuma ya gauni lake. Hakumpigia kelele. Alimtazama Bi Pindo kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

"Jana nilipokuja kukushukuru," aliuliza, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," akasema Bi Pindo, na akamwomba karani boya la pili.