Kisima Nilichokifukia Igogo

Iko siku moja ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa, mwanangu, na leo nakusimulia kwa sababu umeniudhi.

Ndiyo, umeniudhi. Jumapili ulipokuja na kitambulisho chako kipya shingoni nilifurahi. Marehemu mdogo wangu, baba yako, angelia kwa furaha kumwona binti yake amekuwa afisa afya. Tukala ugali na sato, tukacheka. Kisha mama yako mkubwa akakuuliza habari za kipindupindu kule mlimani. Ukafuta midomo, ukasema, "Wale watu hawasikii, Mama. Tunawaelimisha kila siku. Wanajitakia wenyewe."

Niliinuka mezani nikaenda kukaa uani. Ulidhani ni miguu inaniuma. Haikuwa miguu. Nilikuwa nimeisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako.

Mimi pia nilikuwa bwana afya, ndivyo tulivyoitwa wakati ule. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, suruali ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, na kipaza sauti cha kushika mkononi. Kipindupindu kilikuwa kimeingia Igogo, hapa hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, ambako nyumba zimebanana kati ya jabali na jabali. Nikatumwa nikakikomeshe. Nami si mtoto wa mjini, unajua. Nilikulia Nansio, kisiwani, maji ya ziwa ndiyo tuliyokunywa nyumbani. Lakini miaka miwili ya chuo ilitosha kunisahaulisha. Nilipanda juu ya jiwe nikawapigia kelele watu wenye umri wa wazazi wangu: "Chemsheni maji! Naweni mikono! Uchafu wenu ndio unaowaua!"

Katikati ya nyumba zile kulikuwa na kisima. Kilikuwa shimo tu lililozungushiwa mawe, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na choo cha jirani kipo hatua chache juu yake. Nilichota kidogo nikapeleka yakapimwa, majibu yakaja kama nilivyotarajia: maji hayafai. Basi nikarudi na vibarua wawili na kifusi, tukakifukia. Wanawake walisimama na ndoo zao wakitutazama. Mmoja wao, mzee mwembamba aliyefunga kitenge chini ya kwapa, akanisogelea. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Bibi Nyanzala.

"Bwana Afya," akasema, "sasa tuchote wapi?"

"Bombani," nikamjibu. Hata shikamoo sikumpa.

"Bomba lipi?"

Nikamwambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikujua bomba liko wapi. Sikuwa nimeuliza. Nilijua kufunga maji mabaya, sikujua mazuri yanatoka wapi, na halikunipitia kichwani kwamba ilinipasa kujua.

Wakashuka ziwani. Walichota pale mtaro wa mji unapomwaga taka zake zote, kwa sababu ndipo palipokuwa karibu. Hazikupita siku nyingi wagonjwa wakazidi kuliko mwanzo. Mmoja alikuwa Kabula, mjukuu wa Bibi Nyanzala, mtoto wa miaka sita. Alianza kuharisha alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi mjomba wake alikuwa anashuka naye mgongoni kati ya mawe, akiitafuta barabara. Mtoto akamfia mgongoni kabla hajaifikia.

Nilifika pale msibani mchana na pampu ya kupulizia dawa. Nyumba ilikuwa chumba kimoja. Bibi alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake. Nikapuliza kuta, nikapuliza godoro, nikapuliza hadi sketi ndogo iliyoning'inia msumarini. Nilipomaliza, mwanangu, nikasema neno ambalo ningetoa jino kulirudisha. Nilimwambia yule bibi, "Mngechemsha maji, haya yasingetokea."

Wanawake waliacha kulia. Bibi Nyanzala akainuka taratibu, akachukua ndoo mbili, moja akanipa.

"Weka hiyo pampu chini," akasema. "Twende ukanichotee hayo maji ya kuchemsha."

Mbele ya watu wale sikuthubutu kukataa. Tukashuka. Kwenda ni rahisi, nyayo zinateleza zenyewe. Kurudi ndiko nilikoonja. Nilikuwa kijana niliyecheza mpira uwanja wa Kirumba, na bado nilisimama mara tatu kabla hatujafika nusu ya mlima, mabega yananiwaka, maji yananimwagikia kwenye ile suruali yangu ya kaki. Yeye alikuwa mbele, ndoo kichwani, hajashika.

Nilipotua ndoo mara ya tatu, alinionyesha mahali pa kukaa. Lilikuwa bomba la chuma, nene kama paja la mtu, limepita chini ya mlima huku limefunikwa saruji nusu nusu. Nilipokaa nikasikia maji yanapita ndani.

"Linakwenda wapi?" nikauliza.

Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo, kwenye nyumba kubwa zinazotazama ziwa. "Kule. Katika ile yenye vigae vyekundu nimefanya kazi tangu nikiwa msichana. Nilianzia kwa Mzungu, enzi za Mwingereza. Yeye na wenzake ndio waliovutiwa bomba hili. Alipoondoka akaja tajiri mmoja wa pamba. Huyo naye alipoondoka, akaja mkubwa wa serikali, mtu wetu kabisa, naongea naye Kisukuma. Nimelea watoto tisa katika nyumba ile, kwa mabwana hao watatu. Wote wako hai. Mmoja anarusha ndege."

Akageukia mlimani.

"Huku juu nimezaa saba. Wamebaki wawili. Na leo Kabula." Akaniwekea viganja vyake mbele ya macho. "Mikono ni hii hii, Bwana Afya. Hii ndiyo iliyowanywesha wale, ndiyo iliyowanywesha wangu. Kule mimi ni msafi, wananiachia vichanga wao. Sasa niambie wewe uliyesoma, huo uchafu ninauokota wapi nikiwa njiani kurudi nyumbani?"

Chuoni hatukufundishwa jibu la swali hilo. Niliinua ndoo nikaibeba hadi juu.

Jioni ile niliandika taarifa. Niliandika kwamba bomba linapita chini ya mlima, kwamba likitobolewa na kuwekwa koki mbili tu watu watapona, na kwamba kisima nilikifunga mimi bila kuwapa maji mengine. Asubuhi mkuu wangu aliisoma akiwa amesimama.

"Wewe ulitumwa kuchunguza ugonjwa au mabomba?" akaniuliza. "Tukitoboa hapo, maji yatapungua nguvu kule ng'ambo. Unajua nani anakaa kule? Andika uchafu wa wakazi. Andika elimu iendelee kutolewa."

Nilikuwa nimeoa karibuni. Nilikuwa nimeahidiwa kupandishwa cheo. Nikakaa nikaandika uchafu wa wakazi, kwa mwandiko wangu mzuri, nikatia sahihi.

Siku chache baadaye mkuu alipanda mwenyewe Igogo kuhutubia. Taarifa yangu ikasomwa mbele ya watu wote. Iliposomwa mpaka mwisho, Bibi Nyanzala akasimama.

"Kijana huyu ameibeba ndoo yangu," akasema. "Bomba amelikalia. Naomba aseme mwenyewe."

Watu wote wakanigeukia. Mkuu akanitazama. Nami nikasema, "Taarifa imeshasomwa, mama."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema, "Haya, baba. Kazi njema," akakaa.

Koki ilifika Igogo baada ya miaka mingi, mkuu yule akiwa amekwisha kustaafu. Nilipopata ujasiri wa kupanda kwenda kuomba radhi, nikakuta watu wengine ndani ya kile chumba. Walisema bibi alikwisha kuzikwa kwao kijijini. Watoto wangapi walikufa kati ya taarifa yangu na ile koki, sijui. Hakuna ajuaye. Wameandikwa uchafu.

Hicho ndicho kinachonichemsha damu mpaka leo. Tumebadilisha bendera, tumebadilisha majina ya barabara, tumejenga maghorofa. Lakini ukichora ramani ya makaburi ya watoto katika mji huu, utaona yameanzia pale bomba lilipoishia. Mwanamke wa kisiwani anapata uchungu, hakuna boti, upepo mbaya, anafia majini akiletwa Mwanza. Mnaandika "alichelewa kufika." Alichelewa! Kana kwamba alikuwa anapiga soga sokoni! Mchuuzi wa dagaa anakohoa miezi sita kwa sababu zahanati iko mbali na akiacha meza yake siku moja wanawe wanalala njaa, mnaandika "uzembe wa mgonjwa." Na wewe, damu yangu, unaketi mezani kwangu unasema wanajitakia! Nani amewahi kujitakia kumzika mtoto?

Basi nisikilize, maana sina miaka mingi ya kurudia. Kabla hujamwambia mtu achemshe maji, nenda naye akayachote. Chochote utakachokifunga kwa kuwa ni kibaya, uwe umeshafungua kilicho kizuri. Usipoweza, usifunge, kaa nao mtafute njia, tieni dawa humo humo. Mwamkie mkubwa wako kabla ya kumfundisha. Usipeleke takwimu za waliokufa bila kusema walikaa wapi, na maji, barabara na zahanati vilikuwa umbali gani nao, kwa sababu ugonjwa mmoja humkuta mtu huyu akapona na yule akafa, na tofauti yao iliamuliwa ofisini kabla hata hawajazaliwa. Na siku mkubwa wako wa kazi atakapokuambia uandike neno jingine, usiliandike. Watakuhamisha, hamia. Watakunyima cheo, kaa bila cheo. Mimi nilikipata kile cheo, mwanangu, nimekila miaka thelathini, na sijawahi kusikia utamu wake.

Sasa nimesema, hasira yangu imepungua kidogo, ingawa haijaisha wala siombi iishe. Mungu akupe umri mrefu kuliko wangu. Akupe watoto, wakue wote, wakuzike wao. Na kila utakapopiga magoti kumshukuru kwa hilo, asikuache hata mara moja uamini kwamba ni kwa sababu ya usafi wako.