Mchawi Asiye na Nguvu

Mchezo wenyewe ulikuwa wa vita vya kifalme, na ulikaa ndani ya kompyuta ya duka la Wahindi mjini Kisii, pale nilipokuwa nikipiga chapa barua za watu. Binti wa mwenye duka, rika langu, aligundua kwamba majeshi yote ya mchezo ule yameandikwa kwenye faili la kawaida. Ukibadilisha tarakimu, askari anabadilika. Basi saa ya chakula cha mchana tulikuwa tukirudisha mlango na kuanza kuumba viumbe vyetu.

Yeye alitaka mazimwi. Tukaunda zimwi la jicho moja, zito, la kusota kama konokono, lakini likifika halibakishi kitu. Mimi nikataka mchawi. Kwa mambo ya wachawi sisi Wagusii hatuhitaji mwalimu, jamani! Nikampa umbo la kikongwe mwenye kibuyu, na nguvu za kugeuza farasi kuwa mawe. Kila tulipomjaribu, maadui waliacha ngome, wakaacha hata zimwi, wakamkimbilia yeye.

"Mpunguzie nguvu," binti akasema. "Wanamwogopa."

Nikapunguza. Wakamkimbilia. Nikaziondoa zote, akabaki bibi wa kutembea tu. Lo! Wakamkimbilia vile vile, wakamwua. Tulichokora lile faili mpaka tukaona: adui haangalii nguvu kabisa. Anaangalia neno "mchawi" lililoandikwa kwenye aina ya askari, basi.

Binti alicheka. Mimi sikucheka. Nyanya yangu mzaa mama, magokoro tunavyomwita, alikuwa akiishi peke yake Ekerenyo, na mtoto wa jirani yake alikuwa amefariki mwezi ule. Watu walishaanza kumtaja magokoro kwa uchawi. Sokoni hakuna aliyeitikia salamu yake. Lisemwalo lipo, walisema. Nami nilikuwa nimejituliza kwamba kikongwe asiyeweza hata kuinua mtungi, nani atamwogopa? Sasa niliogopa mimi. Niliomba ruhusa nikaenda siku hiyo hiyo.

Nilimkuta akichambua mboga. "Siendi popote," alisema. "Nikiondoka watasema nimekimbia."

"Na ukibaki, magokoro, watasema nini?"

Tulibishana mpaka nikampandishia sauti, jambo ambalo kwetu humfanyii mzee hata siku moja. Kisha nikalia kwa hasira. Machozi ndiyo yaliyomshinda, si hoja zangu. Alifunga nguo zake kwenye shuka, akachukua kuku wawili, tukaja kwenye chumba changu cha kupanga Kiogoro. Njia nzima alilalamika kuhusu majani chai yake, nani atayachuma.

Nyumba yake ilichomwa kabla ya wiki kwisha. Habari aliileta mjomba wangu, mwanawe. Magokoro alimsikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, halafu akauliza, "Mabati waliyatoa kwanza?"

"Waliyatoa yote, mama. Na mlango."

"Wakayapeleka wapi?"

"Kwao. Kila mtu na yake."

Aliweka kikombe chini.

"Basi walijua mimi si mchawi," akasema. "Mali ya mchawi, nani angethubutu kuiingiza nyumbani kwake?"