Kompyuta ya Mwalimu Beth

Kagwe alianza na redio, akaja kwenye televisheni, na sasa uzee umemkuta akizunguka na mfuko wa bisibisi kati ya Thika na Ruiru, akitengeneza kompyuta za watu majumbani. Shule aliachia darasa la tano, lakini watu humwamini, na hilo ndilo lililomponza.

Kompyuta ya Mwalimu Beth, kule Theta, ilikuwa ikizima yenyewe kila baada ya dakika kumi. Kagwe akaifungua, akaona kutu kidogo chini ya kasha.

"Hapa maji iliingia, Mwalimu. Ni mtu wa kupiga deki."

Mtu wa kupiga deki alikuwa mmoja tu, Emmah, msichana wa kazi.

"Hapo mimi hupitisha tambara kavu, guka," Emmah akasema, akimwita babu kwa Kikuyu.

Kagwe akacheka. "Sasa kutu ndiyo mwongo?"

Akabadilisha pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, akaijaribu kompyuta saa nzima juu ya meza ya jikoni. Haikuzima. Akaenda zake.

Jumamosi akaitwa tena, inazima vilevile. Alimkuta Emmah ameketi kwenye ngazi, begi limefungwa, anangoja ndugu yake atoke Gatuanyaga aje amchukue.

Sebuleni kila kitu kilikuwa kimevishwa kitambaa cha kufuma, makochi, televisheni, na kompyuta pia. Hicho cha kompyuta kilikuwa kizito, kazi ya mkono wa Mwalimu mwenyewe, kikishuka hadi nyuma. Kagwe akapenyeza mkono chini yake. Moto kama sufuria. Feni ilizunguka, ila hewa haikuwa na pa kutokea. Na siku ile ya kwanza ni yeye aliyekitoa, akakikunja kwa adabu, akakiweka kando.

Masikio yakamchoma. Angeweza kusingizia umeme wa Theta, na nani angejua?

"Mwalimu, hakuna maji," akasema. "Ni hii kitambaa inaziba hewa. Ile kutu ni ya zamani tu. Nilikosea."

"Unaniambia leo, na msichana nishamfukuza?"

Kagwe akavua kofia. Akatoka hadi kwenye ngazi, kofia mkononi, Mwalimu nyuma yake.

"Emmah, mama, wewe ndiye ulisema ukweli. Na mimi nikakucheka."

"Sema tena, guka. Mwalimu hajasikia vizuri."

Akasema tena, macho chini. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Haya, Emmah, rudi ndani," Mwalimu akasema polepole.

Kagwe akanyoosha mkono amsaidie begi. Emmah akalibeba mwenyewe.