Mwiko Mmoja, Nyumba Mbili

Mlinzi wa supamaketi ya Ruiru alipekua mkoba wangu, akatoa mwiko, akauinua juu kila mtu auone.

"Mama, na hii?"

"Ni mwiko. Hujawahi kuona?"

"Nimeona, lakini kwa jikoni."

Foleni nzima ikacheka. Mimi nilinuna. Unaweza kuchoka na mzigo mkubwa, lakini kuna kuchoka kwingine kunakoletwa na kitu kidogo unachokibeba kila wiki kwa sababu ya mdomo wa mtu.

Nina nyumba mbili. Moja iko Makongeni, Thika, karibu na kiwanda anakofanya kazi mume wangu kwa zamu. Nyingine ni chumba kimoja Kiuu: cherehani mbele, pazia katikati, kitanda nyuma. Chumba hicho nilikikodi kabla sijamjua mume wangu, na wateja wangu wote wako huko, akina mama wa Kiuu na Mwihoko wanaotaka sare za shule za watoto wao. Jumatatu asubuhi naenda Kiuu, Alhamisi jioni narudi Thika. Binti yetu yuko shule ya bweni, kwa hiyo hakuna mtoto anayelala njaa, nalisema mapema kabla hujaniuliza. Thika naitwa mama wa fulani. Kiuu naitwa fundi. Nayapenda yote mawili.

Mume wangu hakuwa na neno. Neno lilitoka kwa mama yake, alipokuja kututembelea kutoka magharibi mwa Kenya na kutaka kuona ninapofanyia kazi. Nilimpeleka Kiuu kwa furaha, nikamwonyesha cherehani, nikampikia. Macho yake yakatua kwenye msumari ukutani.

"Huku pia uko na mwiko?"

"Ndio, mama."

"Na Thika uko na mwingine." Akameza tonge. "Kwetu mwanamke anakuwa na jiko moja na mwiko moja. Ukiona wa pili, jua kuna bwana wa pili. Huo ni mwiko."

Hata mimi nilisikia jinsi maneno yalivyogongana. Mwiko wa ugali na mwiko wa kukatazwa, jina moja. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto, lakini yule ni mama wa mume wangu na alikuwa anakula chakula changu. Alipoondoka nikampa jirani mwiko wa Kiuu. Kuanzia hapo nikaubeba ule wa Thika kwenda na kurudi, ndani ya mkoba, mpini umechomoza. Mama alisema mwiko mmoja. Hakusema nyumba moja. Nilishika sheria yake neno kwa neno, na hilo, alipolisikia, ndilo lililomuudhi zaidi.

Alipokuja tena, alikuja na shemeji yake, baba mdogo wa mume wangu, anayekaa Mwihoko. Jumapili baada ya kanisa tukaketi Makongeni, chai mezani. Baba mdogo akasafisha koo, akanigeukia.

"Mama, sisi tumekuja kwa amani. Lakini hii maneno ya Kiuu lazima iishe. Mshika mbili moja humponyoka. Chagua: hiyo chumba ama ndoa yako."

Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaviona. Nitasema ukweli, niliogopa. Nampenda yule mwanamume. Lakini niliiona cherehani yangu ikiuzwa, na mimi nimekaa Makongeni nikingoja zamu ya mtu mwingine iishe ndipo siku yangu ianze.

"Baba mdogo," nikasema, "Mwihoko uko na nyumba?"

"Niko na nyumba ya kupanga."

"Na magharibi?"

"Huko ni nyumbani! Niko na boma."

"Zote mbili unalala?"

"Mimi ni mwanaume."

"Haiya! Kumbe mikono yangu ndiyo haitoshi kushika mbili?"

Nikasimama, nikachomoa mwiko kwenye mkoba. Baba mdogo akarudisha kiti nyuma haraka. Kwao mwanamume akipigwa na mwiko ni balaa, lazima wazee waitwe kumtakasa, na uso wangu siku hiyo haukuwa wa kuaminiwa. Nikauweka mezani taratibu, kando ya birika.

"Huu umezeeka barabarani kuliko ndani ya sufuria. Kama mwiko ndio ndoa, ndoa ndiyo hiyo, nawaachia. Mimi kesho ni Jumatatu. Watoto wa watu wanataka sare."

Asubuhi mume wangu alinibebea gunia la vitambaa hadi steji ya matatu. Aliubeba mzigo ule mbele ya majirani wote, na mimi nikaona.

Nilishuka Githurai 45, kituo cha kwenda Kiuu, nikaingia sokoni nikachagua mwiko mpana kuliko yote. Nikautundika Kiuu kwenye msumari ule ule. Siku zile nilishona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Mume wangu alipiga simu kuuliza kama nimekula. Nikamjibu nimekula, na mwiko ni mpya. Akacheka kidogo, akakata.

Alhamisi nilirudi Thika. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa bado yupo, amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, sufuria inatoa mvuke. Aliutazama mkoba wangu. Hakukuwa na mpini uliochomoza.

"Umekuja mikono mitupu," akasema.

"Ndio, mama. Wa Kiuu umebaki Kiuu."

"Kwa hivyo sasa ni mbili."

"Miko ni miwili, mama. Bwana ni mmoja."

Alinitazama mpaka maji yakaanza kufurika na kumwagikia motoni. Kisha akanyoosha mkono nyuma yake, akachukua ule mwiko wangu wa zamani, akanipa, mpini ukiwa upande wangu.

"Songa ugali," akasema. "Bwana yako anatoka kazini na njaa."