Vidonge Vilivyovuka Mfereji

Darasa la saba sikumaliza, lakini duka la vifaa vya ujenzi pale Pasua mjini ni langu, nyumba mbili za vigae ni zangu, na sikurithi hata msumari. Nasema hivyo ujue kwamba mama yangu hakufa kwa kukosa mtu.

Bima ya afya nilimkatia mimi. Kila mwezi nilipanda kijijini kwake Old Moshi na gari langu, nikamteremsha hospitali kuchukua dawa za presha, na kadi niliitoa kabla ya kuulizwa, foleni nzima ione. Safari moja muuguzi alimpima, akakunja uso.

"Baba, huyu mama anameza kila siku?"

"Kila siku! Mama yangu akose dawa?"

Mama alikuwa amekaa pale pale, mkoba mapajani, macho sakafuni. Nikajibu mimi. Yeye sikumuuliza.

"Maana bima inatoa za mwezi mmoja, za mtu mmoja," muuguzi akasema. "Zikiisha mapema hatuwezi kuongeza. Asiruke hata siku."

Ng'ambo ya mfereji unaopita kihambani kwetu, kwenye migomba ya nyumbani, anaishi mjane mmoja, shoga wa mama tangu walipoolewa. Naye ana presha. Mwanzoni kabisa, aliposikia habari za kadi, alinishika mkono: "Mwanangu, na mimi nitafutie. Wa kwangu hata simu hawapigi." Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mimi si serikali. Kila mzazi na uzao wake." Mama yangu alisikia. Akaingia ndani.

Sisi huku mlimani, ng'ombe wa jirani akikauka, maziwa yako hayalali yote kwako. Kibuyu kinavuka mfereji, na hakuna anayetangaza. Hayo nayajua tangu sijaota meno. Ila kwamba na vidonge vinaweza kuvuka, mimi na ujanja wangu wote wa mjini, halikunijia.

Mama alianguka akikata majani ya ng'ombe. Upande mmoja ukafa ganzi. Siku ya tatu akaenda.

Baada ya mazishi, watu wakiwa wametawanyika, yule mjane alikuja akanifungulia kiganja. Ndani ya kipande cha gazeti, vidonge vitano.

"Hivi ni vyangu vilivyobaki. Nimeshindwa kuvimeza."

"Umevitoa wapi, mama?"

"Kwa mama yako. Tulikuwa tunagawana nusu kwa nusu. Nilikataa mwanzoni, akanicheka. Akasema bima yako inatoa nyingi mpaka zinambakia. Akasema, mwanangu hashindwi kitu."

Mimi ninayeongea dukani toka kufungua mpaka kufunga, nilikosa hata pole ya kumpa. Alinisubiri. Nafikiri alitaka nimtukane, au nimwambie hana kosa. Lolote. Akageuka, akaondoka taratibu akishika migomba.

Kadi yule mjane nilimkatia baadaye, na dawa anapata. Lakini nikipanda kihambani huwa namkuta amesimama mferejini, na kabla sijafungua mdomo anainamisha kichwa, ananiamkia yeye, mtu mzima yule, kama mtoto anayesubiri fimbo. Na shikamoo yangu haitoki.