Bia ya Kwanza ya Asubuhi

Horace Tranter alikuwa na miaka sabini, na maisha yake yote alifufua pampu kuukuu za bia, zile za kuvuta kwa mkono. Beryl, mmiliki mpya wa baa iitwayo Mwanakondoo, alipomletea pampu ya zamani ya baa hiyo, alimwambia, "Mzee Horace, nataka ivute kama enzi za mama yako. Na yeye ndiye atakayetufungulia baa, apende asipende!"

Mama yake, Bi Olive, alikuwa na tisini na mbili, ulimi bado wembe. Ndiye aliyekuwa akiuza bia pale zamani.

Horace akafungua skrubu, akachomoa kipande cha bomba kilichobaki. Kizito, laini, cha kijivu. Madini ya risasi! Na ndani kimelika. Akakaa chini sakafuni.

Kila fundi wa pampu anajua: bia iliyolala usiku kucha kwenye bomba la risasi ni sumu, ya kwanza asubuhi humwagwa. Mama yake hakumwaga. Kumwaga riziki ni dhambi, alisema, akaifunika sahani na kumwekea mumewe, Enoch, akitoka zamu ya usiku kiwandani. Kila siku ya Mungu. Enoch akaanza kukatwa na tumbo, viganja vikalegea, mwishowe akawa anaongea na ukuta. Mtaa mzima ukasema pombe imemmaliza. Alipokufa, Horace alikuwa na miaka tisa, na tangu hapo alimchukia baba yake kwa ulevi. Masikini, mtu wa watu!

Jioni mama akamwuliza, "Mbona umenuna kama uliyelishwa ndimu? Pampu imekushinda?"

"Haijanishinda, Mama."

"Umekuta nini humo?"

Horace akaitazama mikono ya mama yake, ile iliyomlea peke yake.

"Kutu tu."

Akafunga bomba jipya la plastiki. Lile la risasi akalizika nyuma ya karakana.

Siku ya ufunguzi Bi Olive akashika mpini, akavuta. Glasi ikajaa povu. Beryl akanyoosha mkono. "Hiyo tunamwaga, Bibi. Ni ya kwanza."

"Kamwage kwenu! Sikuwahi kumwaga ya kwanza, sianzi leo." Akamgeukia mwanawe, machozi yakimlengalenga. "Shika, mwanangu. Baba yako alikuwa habakizi hata tone."

Horace akaipokea kwa mikono miwili, akainywa yote, mama yake akimtazama.